Gozi la Garissa halionekani kwa runinga, na hapo ndipo ilipo kazi yako

Washa runinga usiku wa leo usubiri taarifa ya habari. Garissa ikitajwa, tayari unajua itatajwa kwa nini: ukame, mafuriko, au kilipuzi kilichotegwa barabarani. Mechi uliyoitazama Jumamosi jioni, ile iliyojaza watu hadi wengine wakapanda juu ya malori, haitakuwepo. Si kwamba haikuwa tamu. Ni kwamba hakuna mtu aliyeipeleka huko.

Kupeleka mechi kwenye skrini ni kazi. Ina watu wake, vifaa vyake na malipo yake. Na huku kwetu Kaskazini Mashariki ni kazi ambayo karibu kila mara hufanywa na timu inayotoka Nairobi, ikila barabara kilomita 370 hivi kufika hapa, kisha inarudi na pesa zake. Wewe unabaki ukiomba klipu kwa WhatsApp.

Hebu nikuulize. Ukitazama mechi ya Ligi Kuu ya Kenya, unawaona wachezaji 22, refa na kocha anayepiga kelele kando ya laini. Umewahi kuwahesabu wale usiowaona? Kuna wapiga kamera. Kuna mwelekezi anayeketi ndani ya gari la matangazo ya nje, lile watu wa fani huliita OB, mbele ya ukuta wa skrini ndogo ndogo. Huyo ndiye anayesema kamera mbili ijiandae, kamera mbili ichukuliwe. Kando yake kuna mtu wa swicha, ambaye kidole chake ndicho kinachobadilisha picha unayoiona. Kuna wa marudio, ambaye kazi yake ni kulirudisha bao kabla wachezaji hawajamaliza kushangilia. Wa sauti. Wa grafiki, anayeandika matokeo na dakika pale juu kwenye kona. Fundi wa setilaiti. Fundi wa stima. Na vijana wa kuvuta nyaya, ambao hulipwa kidogo kuliko wote lakini huona kila kitu. Wengi waliofika kwenye kiti cha mwelekezi walianzia hapo kwa nyaya.

Mechi ya kawaida ya ligi inaweza kutumia kamera tano, sita au nane. Kombe la Dunia hutumia zaidi ya 30 kwa mechi moja. Lakini usishtuke na hesabu hiyo, tutarudi kwake.

Jambo la kwanza ujue ni kwamba kazi hii hufuata haki za matangazo kama ng'ombe wanavyofuata maji. SuperSport walipokuwa wakionyesha ligi yetu, palikuwa na kizazi kizima cha mafundi wa Kenya waliojifunza kutangaza soka kwa kiwango cha dunia, wiki baada ya wiki. Walipoondoka mwaka 2017 magazeti yaliandika sana kuhusu klabu kukosa hela. Hayakuandika sana kuhusu mpiga kamera aliyerudi kurekodi harusi. StarTimes wakaja 2020, mkataba ukavunjika kabla ya kufika mbali. Mwaka 2023 Azam TV ya Tanzania ikatia sahihi mkataba wa miaka saba na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF. Hao Azam nyumbani kwao walikubaliana na TFF mwaka 2021 kwa miaka 10, Sh225.6 bilioni za Tanzania. Ukishaona kiasi hicho unaelewa kwa nini mechi ya Simba na Yanga inapendeza machoni hata kama huna timu pale.

Sasa tazama ramani. Ligi Kuu ya Kenya haina timu ya Garissa, Wajir wala Mandera. Kwa hiyo gari la OB halina sababu ya kuvuka daraja la Mto Tana. Na hata likiwa na sababu, mambo mengine yanalizuia. Novemba 2023 na tena Aprili 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Nairobi pale Mororo, watu wakawa wanavushwa kwa boti. Gari la vifaa vya mamilioni huwezi kuliweka kwenye boti. Usalama nao, usiniambie. Mtayarishaji wa Nairobi akisikia Mandera anaanza kuhesabu bima.

Hizo zote ni habari mbaya kwa Nairobi. Kwako wewe ni soko. Uko hapa tayari, hulipi hoteli, unajua chifu ni nani na mzee wa bulla anakaa wapi, na mvua ikinyesha hufungiwi ng'ambo ya mto.

Wengine walishaanza kabla yako

Usidhani wazo hili limetoka mbinguni jana. Ukienda Dadaab, kambi ambazo zimekuwepo tangu 1991, shirika la FilmAid lilifundisha vijana wakimbizi kupiga picha za filamu, kuandika hadithi na kuhariri. Filamu zao zilionyeshwa kwenye tamasha lililofanyika kambini kwenyewe na Nairobi pia. Vijana wa Ifo na Hagadera, ambao hata kitambulisho cha Kenya hawana, walishika kamera. Wewe mwenye kitambulisho unangoja nini, ndugu yangu?

Kwa upande wa redio, Star FM imekuwa ikitangaza kwa Kisomali kwa miaka mingi, na KBC ina Iftin FM. Eastleigh nako kuna Eastleighwood, kundi la vijana walioamua kutengeneza filamu zao wenyewe badala ya kungoja Hollywood iwaweke kwenye filamu kama maharamia. Watu wa kutangaza tunao, wa kuigiza tunao. Tunachokosa ni mafundi wa picha za mubashara, hasa za michezo.

Na kuna ile filamu fupi ya Watu Wote. Unakumbuka kisa chenyewe: Desemba 2015, basi linaelekea Mandera, magaidi wanalisimamisha, abiria Waislamu wanakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafa Januari 2016. Kisa hicho kilifanywa filamu na wanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School, Ujerumani, mwelekezi akiwa Katja Benrath, wakishirikiana na mafundi na waigizaji wa hapa Kenya. Mwaka 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Sina ubaya nayo, ni kazi nzuri. Ila kila ninapoikumbuka najiuliza ni kwa nini hadithi iliyotokea barabara yetu ilingoja mwanafunzi wa Hamburg.

Ukitaka mfano wa Mkenya aliyefanya biashara ya huduma za picha ikafika dunia nzima, mtafute Mohamed Amin. Alianzisha Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana Dar es Salaam, kisha akahamia Nairobi. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizoonyeshwa na BBC Oktoba 1984, ziliamsha ulimwengu mzima. Alipoteza mkono mmoja kwenye mlipuko Addis Ababa mwaka 1991 na akarudi kazini na mkono wa bandia. Wateja wake walikuwa mashirika ya habari ya ng'ambo ambayo hayakuwa na mtu huku. Soma tena sentensi hiyo. Hayakuwa na mtu huku. Biashara yake yote ilisimama juu ya pengo hilo.

Kamera tatu zinatosha kuanza

Turudi kwa hesabu. Huhitaji gari la OB ili kuonyesha fainali ya mtaa. Unahitaji kamera tatu, swicha ndogo, kompyuta moja yenye nguvu kiasi, maikrofoni mbili na intaneti.

Swicha ndogo kama ATEM Mini ya Blackmagic, ilipotoka 2019, iliuzwa dola 295 za Marekani. Ikifika Nairobi huwa juu zaidi, lakini bado ni pesa ambayo vijana watano wanaweza kuchanga. Inapokea kamera nne. Programu ya OBS ni ya bure, inakuwezesha kuweka jina la timu, matokeo, saa ya mchezo, na hata ina njia ya kuhifadhi sekunde chache zilizopita ili urudishe bao. Huo ndio mlango wa kuingilia. Usinunue kamera ya bei ya Probox kabla hujaonyesha mechi hata moja.

Lakini kifaa hakikufundishi kazi, na hapa ndipo wengi huchemsha. Ngoja nikueleze mambo ambayo utayaona ukianza tu.

Kamera zako zote za mchezo zikae upande mmoja wa uwanja. Ukiweka moja upande wa pili, mtazamaji ataona timu iliyokuwa ikishambulia kwenda kulia ghafla inashambulia kwenda kushoto. Atadhani ni kipindi cha pili. Ile ya nyuma ya goli haina shida, mradi uitumie kwa marudio.

Upande upi? Mechi zetu huanza saa kumi jioni, jua likiwa limeshaanza kuelekea magharibi. Kwa hiyo simama magharibi, jua liwe mgongoni mwako. Ukisimama mashariki utarekodi vivuli vyeusi vinavyokimbiza mpira. Ndiyo maana katika viwanja vingi vikubwa jukwaa kuu hujengwa upande wa magharibi. Kwa uwanja usio na jukwaa, panda juu. Mtaani kwetu hiyo maana yake ni juu ya lori, juu ya tangi la maji, au jukwaa la mabomba ya ujenzi ambalo fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa siku moja. Kamera iliyo chini inaona migongo tu.

Kamera ya kwanza ikae katikati na ionyeshe eneo pana. Usifukuze mpira. Mpiga kamera mgeni huvuta picha karibu mno kwa sababu anataka uone mpira, kisha winga anapiga pasi ndefu na kamera inabaki ikionyesha nyasi, au kwa hapa kwetu, vumbi. Mtazamaji anataka kuona pasi inakwenda kwa nani. Kamera ya pili ndiyo ya karibu: uso wa mfungaji, kocha, yule mzee anayetazama mechi akitafuna miraa kana kwamba dunia nzima ni yake. Ya tatu weka nyuma ya goli au mpe mtu anayetembea.

Waya za HDMI zikizidi mita 15 hivi huanza kupoteza picha. Kwa uwanja unahitaji waya za SDI ambazo huenda hadi mita 100 bila matatizo, pamoja na vibadilishi vidogo kila upande. Watu hununua kamera nzuri halafu wanakwamia kwa waya. Na ukifanya mechi ya usiku chini ya taa, kumbuka stima yetu ni ya hezi 50. Weka kasi ya shata 1 kwa 50 au 1 kwa 100, la sivyo taa zitapepesa kwenye picha kama disko.

Kisha sauti. Hii ndiyo inayotenganisha video ya simu na matangazo. Weka maikrofoni moja karibu na laini, iwe na kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, ipate mlio wa mpira na kelele za mashabiki. Nyingine iwe ya mtangazaji peke yake. Usizichanganye kwa kiwango kimoja. Mtu anaweza kuvumilia picha yenye ukungu kwa dakika 90, lakini sauti inayokwaruza ataizima dakika ya tatu.

Joto, stima na mtandao

Vitabu vya fani hii vimeandikwa na watu wanaoogopa mvua. Sisi tatizo letu ni lingine. Joto la Garissa hupanda hadi nyuzi 36 na zaidi, na simu au kamera ndogo iliyoachwa juani hujizima yenyewe katikati ya mechi. Mwavuli ni kifaa cha kazi hapa, nunua wa rangi nyepesi. Kompyuta iwe chini ya hema lenye hewa, isiwekwe juu ya bonati ya gari. Vumbi nalo huingia kwenye lenzi unapoibadilisha, kwa hiyo usibadilishe lenzi uwanjani kama hakuna haja. Na usifute lenzi kwa kofia wala shuka, tafadhali. Unaikwaruza.

Stima mjini Garissa imekuwa afadhali tangu tuunganishwe kwa gridi ya taifa, na Desemba 2019 ule mtambo wa nishati ya jua wa zaidi ya megawati 50 ukazinduliwa. Lakini uwanja si sebule. Mara nyingi soketi iliyo karibu iko kwa duka la mtu. Na ukienda Wajir au Mandera, ambako mji hutegemea jenereta za Kenya Power, panga kana kwamba stima haipo. Betri kubwa yenye inveta ni bora kuliko jenereta ndogo kwa sababu haina kelele inayoingia kwa maikrofoni. Ukilazimika kutumia jenereta, iweke mbali upande ambao upepo unaelekea.

Mtandao ndio unaotisha wengi, basi tupige hesabu pamoja. Mechi ya saa mbili ukiituma kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde itakula gigabaiti 4.5 hivi. Hiyo ni bando ambayo mdhamini mdogo, hata duka la simu, anaweza kulipa. Kinachohitajika ni kasi ya kupakia, si ya kupakua, na wengi hupima ile isiyo na maana. Pima saa kumi jioni, siku ya mechi nyingine, mashabiki wakiwa wamejaa. Mtandao wa saa tatu asubuhi utakudanganya, maana mashabiki 2,000 wakianza kupiga selfi, mlingoti unalemewa. Faiba ya serikali imefika miji mikuu ya kaunti zote tatu, na Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, sahani yake ikiweza kukaa hata juu ya lori. Tumia laini mbili za kampuni tofauti kama unaweza.

Halafu kuna lile ambalo mwenzako wa Thika hatakiwi kuliwazia. Milingoti ya simu katika kaunti zetu imewahi kulipuliwa na al-Shabaab, na mji ukaamka bila mtandao. Kwa hiyo rekodi kila kitu pia kwenye diski yako. Mubashara ikikatika, mechi bado unayo, na usiku unaweza kuipakia yote au vipande vya dakika tano. Kusema kweli, vipande hivyo ndivyo vinavyotazamwa zaidi.

Karatasi kabla ya kamera

Huku kwetu kamera ni kitu cha kushukiwa. Usilichukulie jambo hili kiutani. Kambi ya jeshi, kituo cha polisi, kizuizi cha barabarani na uwanja wa ndege si mandhari ya video yako, hata machweo yakiwa mazuri namna gani. Kabla ya siku ya mechi, nenda kwa chifu na kituo cha polisi, waambie mko wangapi, mna nini, mtakaa wapi. Beba barua ya mwandalizi wa mashindano. Utashangaa jinsi karatasi moja yenye muhuri inavyopunguza maswali.

Droni ndiyo hatari zaidi. Kanuni za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA, zinataka droni isajiliwe na anayeirusha awe na leseni. Kwenye kaunti za mpakani, droni isiyojulikana inaweza kukuletea wageni ambao hukuwaalika. Kama huna leseni, iache nyumbani. Ngazi na stendi ndefu vitakupa picha ya juu ya kutosha.

Ukihama kutoka michezo kwenda filamu na vipindi, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni ya kurekodi. Ukirekodi watoto, ile Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo mashindano ya shule yaanze na barua kutoka kwa mwalimu mkuu. Na usiweke wimbo wa msanii chini ya video yako ukidhani hakuna atakayejua. YouTube inajua ndani ya dakika chache, na mapato yote yanakwenda kwa mwenye wimbo.

Tena, kile wengi hujaribu: kuchukua mechi ya Arsenal kutoka dekoda na kuirusha kwa ukurasa wako. Huo ni wizi wa haki, na ukurasa utafungwa. Mechi ya mtaa ndiyo yako, mradi mwandalizi amekupa haki kwa maandishi. Ajabu ni kwamba haki hiyo leo unaweza kuipata karibu bure kwa sababu hakuna mwingine anayeiomba. Iombe kwa msimu mzima, si mechi moja.

Nani atatangaza, na nani atarekodi wasichana

Mtangazaji wa mpira si mtu wa kupiga kelele. Wazee wetu wanamkumbuka Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alivyotangaza mpira redioni kwa Kiswahili hadi msikilizaji akajua mpira uko kona ipi bila kuona chochote. Kwa runinga ni kinyume: picha inajieleza, wewe ongeza kile kisichoonekana. Huyu kijana anacheza na kaka yake. Huyu kipa ni fundi wa bodaboda. Timu hii ilifika fainali mwaka jana ikapigwa kwa penalti. Habari hizo hazipo kwa Google. Ziko kwa mama yake mchezaji, na mtu wa Nairobi hawezi kuzijua.

Tena tuna bahati ya lugha. Mechi moja unaweza kuitangaza kwa Kisomali na Kiswahili, sauti mbili juu ya picha ile ile. Jamaa walio Minneapolis, London na Dubai wanaotaka kuona mtaa wao watakutazama hata saa tisa usiku kwao. Timu ya Berlin FC ya Garissa ilipowakilisha eneo letu kwenye fainali za Chapa Dimba mjini Meru mwaka 2019, watu walikuwa wakiulizana matokeo kwa simu. Fikiria njia yote ya kufika Meru, zile mechi za huku nyumbani, zingekuwa zimerekodiwa.

Na dada yangu unayesoma hii, nakuambia waziwazi: nafasi yako huenda ni kubwa kuliko ya kaka yako. Harusi zetu zina upande wa wanawake ambako mwanamume mwenye kamera haingii. Familia nyingi zinatafuta mwanamke anayejua kurekodi, kuhariri, na kuhakikisha picha hazitoki nje ya familia, na hawampati. Mechi za wasichana ni hivyo hivyo. Mzazi anayekataa binti yake arekodiwe na wanaume asiojua watazituma wapi, atakubali kamera iliyo mikononi mwa mwanamke anayemfahamu, na makubaliano kuhusu kitakachoonyeshwa. Kwa hiyo mechi hizo zitaonekana siku kutakapokuwa na wasichana wa kuzirekodi. Bila hivyo hazitaonekana, na msichana wa Masalani anayejua kupiga chenga ataendelea kujulikana Masalani peke yake.

Pesa zenyewe ziko wapi

Nisikudanganye kuhusu YouTube. Ili ianze kukulipa kwa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Inawezekana, lakini si ya kulipa kodi ya nyumba mwezi huu. Mwanzoni pesa iko kwa wateja: harusi, warsha za mashirika, mikutano ya kaunti, mahafali ya Chuo Kikuu cha Garissa na vyuo vingine, kampeni za msimu wa siasa. Hizo ndizo zinazolipia waya. Mechi ndiyo inayokufundisha kasi, maana aliyezoea kubadilisha kamera kwa gozi linalokimbia hawezi kushindwa na hotuba ya gavana.

Mkiandikisha kampuni ya vijana, mnaweza kuomba cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tahadhari moja tu: kaunti hulipa, lakini inaweza kulipa baada ya mwaka. Biashara nyingi za vijana zimekufa zikiwa na LPO mkononi. Usichukue kazi ya kaunti kwa pesa za kukopa, na usiitegemee kwa zaidi ya sehemu ndogo ya mapato.

Mafunzo? Taasisi ya KIMC jijini Nairobi imekuwa ikifundisha mafundi wa utangazaji tangu miaka ya 1960 na bado ni mahali pazuri. Lakini fundi wa stima au wa kompyuta kutoka North Eastern National Polytechnic tayari ana nusu ya ujuzi huu bila kujua. Mtafute, mpe swicha, mwonyeshe waya. Kikosi kizuri ni cha watu watano wanaoaminiana, si cha mjuaji mmoja mwenye wasaidizi wanne.

Na kuna jambo lililo karibu. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, Morocco ikatwaa kombe pale Kasarani kwa kuichapa Madagascar 3-2. AFCON 2027 inakuja kwa nchi hizo hizo tatu. Mashindano makubwa huleta wakuu wao wa kiufundi kutoka nje, ila huajiri wenyeji kwa kazi za kusaidia: nyaya, vifaa, usafiri, ukalimani, msaidizi wa kamera. Anayechagua wasaidizi hao hatakuuliza cheti kwanza. Atakuuliza umefanya mechi ngapi na atataka kuona kiungo cha video. Mechi kumi za uwanja wa vumbi, zilizo na matokeo kwenye kona na sauti safi, ni jibu zuri kuliko barua ya maombi ya kurasa tatu.

Basi siku ile mwandalizi wa kombe la bulla atakapokubali, andikeni karatasi moja kabla ya kufungua begi la kamera. Tarehe na saa. Kamera ngapi. Nani anatoa stima na nani analipa bando. Video ni ya nani, na inaweza kuuzwa kwa nani. Nusu ya malipo mkononi kabla ya mechi kuanza, nusu iliyobaki kabla ya kukabidhi faili, hata kama mwandalizi ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako.